Darasa la Nyakati Linaloanzia Kwenye Jiko la Mkaa

"Mama Prosper, hapa ni kituo cha lugha, si mgahawa," anasema Melkizedeki, mkuu wa kituo kidogo kinachofundisha wageni Kiswahili katika mtaa wa Sakina jijini Arusha.

Mwalimu Rachel Kaaya, ndiye Mama Prosper, hainui macho. Anapuliza mkaa barazani. Wanafunzi wake watano wa kigeni wamekaa kwenye viti vya plastiki, kila mmoja na kisu na ndizi mbichi.

Rachel na Mkuu wamebishana tangu saa ya chai. Mkuu anataka somo la wakati uliopita na wakati timilifu lifundishwe ubaoni, kwa jedwali. Moshi unamfuata ofisini, anasema, na wageni hawakulipa ada ili wamenye ndizi. Rachel asipokubali, somo atapewa mwalimu mwingine leo hii.

"Wakilalamika wao nitaacha, Mkuu," Rachel anamjibu. "Mpaka sasa unalalamika peke yako."

Mkuu anaondoka. Somo linaendelea.

"Tulimenya ndizi," anasema Hans, muuguzi anayejitolea kwenye zahanati moja upande wa Mlima Meru.

"Utomvu huo mikononi ni wa lini, baba?" Rachel anamsahihisha. "Tumemenya. Tulimenya zile za Jumanne, na tulizila."

Wenzake wanamcheka. Kila hatua husemwa kwa sauti: tumeosha, maji yamechemka, ndizi hazijaiva. Vyombo vikishaoshwa, husimulia upya mapishi yote kwa tulimenya, tuliosha, tulikula. Jambo limepita, limekuwa habari.

Rachel hakuzaliwa na Kiswahili mdomoni. Kwao kijijini Akheri walisema Kimeru, Kiswahili akakikuta shuleni.

"Tulikariri jedwali, tukafaulu mtihani," anasema. "Ukitutuma dukani, hatuwezi kueleza tumekuta nini. Kiswahili nilikipata jikoni kwa shangazi yangu wa mjini, aliyekuwa anapika huku anaongea bila kupumzika."

Kwa Hans, somo hili si la cheti.

"Mama wa mgonjwa akisema homa imepanda, namshika mtoto sasa hivi," anaeleza. "Akisema ilipanda, namuuliza lini. Zamani nilisikia kitu kimoja tu."

Ndizi zikiwa bado ngumu, Mkuu anarudi na mwalimu kijana aliyebeba kompyuta. Anawataka wanafunzi waingie ndani.

Rachel anawaambia anayetaka ubao aingie, hakuna atakayenuniwa. Hakuna anayeinuka.

Kwa muda mrefu Rachel amepanga kufungua darasa lake nyumbani kwake, mtaa wa Kijenge. Alikuwa anangoja banda la kufundishia likamilike.

"Ua ninao, na mti wa parachichi una kivuli," anasema akifunga sufuria kwa kitenge. "Mvua ikinyesha tutaingia sebuleni, watoto wangu watavumilia. Nataka kila muuguzi mgeni apite kwangu kabla hajamgusa mgonjwa."

Anamwaga maji kwenye makaa, anamkabidhi Mkuu ufunguo wa darasa, kisha anasimamisha bajaji mbili za kumbeba yeye na wanafunzi wake.

Ndizi zitaivia Kijenge.