Nilimnyooshea Kidole Nesi Mwenzangu

Admin, ficha jina langu tafadhali, watoto wangu wako kwenye hii page.

Nina miaka sabini na mbili, nesi mstaafu, mkaaji wa Eastlands tangu usichana. Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilifanya kazi kwenye kliniki ndogo karibu na Shauri Moyo, mimi na mwenzangu nitakayemwita Ruth. Siku hizo kwetu mwanamke hakupewa dawa ya kupanga uzazi bila sahihi ya mumewe. Upuuzi mtupu, lakini ndiyo ilikuwa sheria.

Asubuhi moja akaja mama wa watoto watano, mdomo umepasuka, shingo ina alama za vidole. Mumewe, seremala wa Gikomba, alikuwa amempiga na kumwingilia kwa nguvu. Daktari alishamwonya kwamba mimba nyingine itamuua. "Sista, nisaidie. Mume wangu hawezi kuweka sahihi." Nikampa vidonge vinne vya kupanga uzazi ameze papo hapo, na vinne vya jioni, ili mimba ya usiku ule isiingie. Kwa mazoea nikavitia kwenye bahasha yenye muhuri wa kliniki. Mjinga mimi!

Saa nane mchana mumewe akaingia, bahasha mkono mmoja, nyundo mkono wa pili. Alikuwa ameshamvunja mkewe mkono. "Nani amepatia bibi yangu hii dawa? Nani?" Akanikaba koo. Nikamwonyesha Ruth, aliyekuwa chumba cha ndani, ametupa mgongo akichemsha sindano kwenye stovu inayonguruma. "Ni huyo," nikanong'ona.

Alimpiga nyundo ya uso. Ruth akaanguka, akampiga tena, damu ikarukia ukuta. Ndipo nikapiga mayowe, nikamvuta Ruth miguu hadi watu wakaingia, wakamkamata yule seremala na kumpeleka polisi.

Jioni nilimpelekea yule mama vidonge vingine, akameza, na mimba haikuingia. Kesho yake ndugu zake wakamrudisha kwao. Ruth alipoteza jicho, kisha wakubwa wakamfuta kazi kwa kutoa dawa bila sahihi. Alikana, hakuna aliyemwamini. Mimi nilinyamaza kwa sababu nilikuwa mwoga, sina neno lingine.

Hadi leo Ruth hajui. Anaugua saratani, mimi ndiye namwogesha. Juzi akanishika mkono: "Dadangu, ulinivuta kutoka kwa yule mnyama. Jumapili nibebeni kanisani, nataka kushuhudia mbele ya watu wote vile uliniokoa."

Nishaurini, nifanye nini? Nimwambie afe akinichukia, au nikae pale mbele nipigiwe makofi?