Herufi Iliyosahauliwa katika Kidani cha Eadwyn

Kwa miaka thelathini na miwili Eadwyn hakukivua kidani chake, si kwa kuoga mtoni, si kwa homa, wala si siku alipomzaa Tidburh, binti yake wa pekee. Kilikuwa kisahani cha dhahabu kisichozidi ukucha wa kidole gumba, kilichofuliwa kutokana na sarafu moja ya ng'ambo, na katikati yake kilipachikwa kijiwe chekundu. Nyuma, upande ule unaolala kifuani, mumewe Dudda alikuwa amemchanjia jina lake.

Dudda alikuwa sonara hodari, ila herufi alijifunza ukubwani. Katika nchi yao ya Kent kila herufi ya kuchanja ilikuwa na jina lake: moja iliitwa ng'ombe, nyingine barafu, nyingine furaha. Siku ya harusi yao mjomba wa Dudda alikigeuza kidani, akasoma kwa sauti, "Eadyn." Vicheko vikavuma ukumbini hata pombe ya shayiri ikamwagika.

"We Dudda! Bibi harusi umemnyima furaha kabla hajaingia ndani!"

Maana herufi iliyorukwa ndiyo ile iliyoitwa furaha.

Tangu siku ile ukawa utani wa nyumba. Mkate ukiungua, Eadwyn alisema, "Nifanyeje, nami mume wangu alininyima furaha?" Kila majani yalipochipua Dudda alinyosha kiganja. "Kivue basi, mke wangu, nikutilie." Naye alimjibu, "Nikivue ukakiyeyushe, umpambie mke wa bwana mkubwa? Nakujua wewe!" Wakacheka, na mwaka ukapita. Hivyo ndivyo kosa lile lilivyozeeka pamoja nao, hata Dudda akafa kwa kifua, na herufi haijatiwa.

Sasa Tidburh alikuwa anaolewa ng'ambo ya mto Medway, na kidani kilikuwa kiende naye. Asubuhi ya safari mama na binti waliketi katika kibanda cha Hunlaf, sonara aliyerithi kibanda hicho, fuawe na tindo za Dudda.

"Mama, watu wa kule wanasoma," alisema Tidburh. "Mama mkwe atakigeuza tu, utaona. Watasema nimekwenda na jina bovu."

"Bovu? Ndilo lililokulea."

"Mama, bwana!"

Hunlaf alikohoa kwa adabu. "Nafasi ipo, bi mkubwa. Nikiibana herufi hapa, hakuna atakayejua kuwa si mkono wa marehemu. Ni muda wa kumenya kitunguu."

Eadwyn alilifungua fundo nyuma ya shingo. Vidole vyake vilikuwa vimeisahau njia. Akakigeuza kidani mwangani. Mistari ya Dudda ilikuwa pale pale, miwili ya mwisho imelala upande, na harufu ya makaa ya kibandani ikamrudisha mlangoni alipokuwa amesimama siku kidani kilipochanjwa, msichana mwenye maneno mengi.

Hunlaf alinyosha mkono. Eadwyn hakumpa.

"Weka tindo yako chini, mwanangu."

"Watanicheka, mama," Tidburh alisema, na machozi yalikuwa karibu.

"Watakucheka, ndiyo. Hata mimi nilichekwa. Waambie mama yako alisimama mlangoni hapo, akisimulia habari za bata bukini wake waliotoroka, wala hanyamazi. Baba yako alikuwa amekwisha chanja herufi tatu. Akainua kichwa kunitazama, akakaa hivyo kitambo. Alipoinama tena, ya nne ilikuwa imemponyoka."

Tidburh alikitazama kidani, kisha akamtazama mama yake. "Baba alijua sababu?"

"Hakujua. Nami sikumwambia."

"Kwa nini?"

"Ningemtania kwa lipi?"

Tidburh aliinamisha shingo, Eadwyn akamfunga uzi kwa mafundo mawili. Gari la ng'ombe likaondoka.

Siku ya tisa mchuuzi wa chumvi alisimama mlangoni na salamu. "Binti yako anasema mkate umeungua," alieleza, huku amekunja uso kwa kutoelewa, "na kwamba kosa ni la baba yake. Nyumba nzima ilikuwa inacheka, bibi. Sijui wanacheka nini."

Eadwyn alicheka hata akashikilia kitanda chake cha kufumia. Kisha mkono wake ukapanda wenyewe kifuani, mahali penye alama ndogo ya mviringo ambayo jua halijaigusa kwa miaka thelathini na miwili, ukatulia hapo.