Nilivyoweka picha ya kuzunguka kwenye website ya baba mkwe, akatokea mara sita

Wakuu, habari za mchana.

Nawaandikia kutoka Uvira, huku kwenye Ziwa Tanganyika upande wa Kongo. Kisa hiki ni changu mwenyewe na sijakiongezea chumvi. Kilikuja na yake.

Mimi natengeneza website. Huku kwetu ukimtajia mzazi wa binti kazi hiyo, anakuangalia kama umemwambia unafuga upepo.

Na binti mwenyewe yupo, anaitwa Aziza. Baba yake ni Mzee Rajabu, ana duka la vitenge mjini na ukumbi wa harusi karibu na ziwa. Ukumbi sisi tunauita salle.

Nampenda Aziza, wakuu. Naliweka wazi mapema ili mjue nilikuwa nacheza na nini.

Basi nikamtuma shangazi yangu, Tantine Mwajuma, akachungulie hali kwa mzee kabla hatujapeleka posa. Akarudi na jibu moja tu:

"Muzee anauliza, kazi ya ordinateur, hiyo kompyuta, inaonekanaka wapi? Anataka aione na macho."

Nikasema hapo hapo. Nitamtengenezea website ya salle, na ndani yake naweka picha ya 360. Mgeni akiwa kwao Sange anagusa simu, anaizungusha kwa kidole, anaona jukwaa, viti, madirisha, ziwa, kama vile amesimama katikati ya ukumbi. Mzee akakubali, kwa sauti ya mtu ambaye hajakubali.

Tantine akanipa onyo moja:

"Mukwe hapewi mgongo. Ata nyumba ikiwaka moto, weye toka kinyumenyume."

Wakuu wa code, nadhani mmeshaliona tatizo.

Picha ya 360 unaipiga ukiwa umesimama katikati, unageuka kidogo kidogo na simu mkononi. App inakuonyesha vidoti, unalenga kimoja, inapiga, unahamia kingine mpaka umalize duara. Yaani kazi yenyewe ni kuwapa watu mgongo.

Na siku hiyo Mzee Rajabu alikuja kusimamia. Kanzu nyeupe imepigwa pasi, kofia ya kudarizi, mikono nyuma.

Ningemwomba atoke nje kidogo. Lakini nani anamfukuza mzee kwenye ukumbi wake, tena mzee ambaye unamtaka awe mkwe?

Nikamwambia kwa adabu zote, "Samahani muzee, nitazunguka, itabidi nikupe mgongo kidogo."

"Hapana. Weye zunguka, na minye nitazunguka na weye."

Nikashukuru Mungu kwa mkwe mwenye busara. Nikawa nageuka, naye anatembea mbele yangu, polepole, ili tusiachane macho. Simu ikilia kacha, anasimama, ananyoosha kofia, anatabasamu. Yeye ameona kamera, afanye nini?

Mimi macho yangu yote yalikuwa kwenye vidoti.

App ilipomaliza ikanionyesha jukwaa na maua yake. Safi kabisa. Nikaenda nyumbani kuipunguza picha uzito, maana kwa connexion ya huku mgeni angeoa na kuzaa kabla haijafunguka. Nikaweka viewer, mistari michache ya JavaScript, nikawasha gyroscope ili mtu akigeuka na simu yake na picha igeuke.

Nikajaribu. Kulia kidogo, inaenda. Kushoto kidogo, inaenda. Nikapandisha, nikamtumia mzee na Aziza link, na hapo umeme ukakatika. Nikalala kwa raha, kama mtu aliyeshaoa.

Kesho yake naitwa dukani.

Namkuta Mzee Rajabu katikati ya duka, simu ameinyoosha mbele, anazunguka. Kiwiko kinagonga rafu, vitenge vinaanguka. Mlangoni wateja wawili waliotumiwa link nao wanazunguka na simu zao, mmoja nusura akalie beseni la ndagala, dagaa wa huku, la jirani.

Wazo langu la kwanza, nakiri, lilikuwa: gyroscope inafanya kazi!

"Weye kijana, kuja hapa. Huyu ni nani?"

"Ni weye, muzee."

Akazunguka kidogo. "Na huyu wa kwa dirisha?"

"Ni weye."

"Na huyu wa kwa viti?"

"Pia ni weye, muzee."

Akazunguka mpaka mlangoni. Hapo app ilikuwa imeunganisha vibaya. Kulikuwa na kofia, tabasamu na nusu ya kanzu. Chini sakafu tupu.

"Na huyu miguu yake iko wapi?"

Nikainama nikaokota kitenge kimoja.

"Donc minye niko wangapi?"

"Sita, muzee."

Nyuma ya meza nikasikia Aziza anacheka kwa kujificha, ameziba mdomo na mtandio. Mimi nilikuwa nataka kulia. Mzee aliomba aione kazi yangu, nami nikamwanika mbele ya mji mzima akiwa hana miguu. Nikaahidi kuitoa sasa hivi. Nikafungua simu, kwangu connexion hakuna. Picha iko hewani, wanaiona watu wote isipokuwa mimi.

Nikiwa nimesimama pale najitafutia kwa kutokea, kinyumenyume bila shaka, akaingia mama mmoja kutoka Makobola. Anaozesha binti yake.

"Muzee, nimekuja juu ya salle. Lakini niipate na wale wazee sita."

"Wazee gani?"

"Wale mapacha wa kanzu nyeupe. Vraiment, sijaonaka salle yenye heshima ivi. Popote unageuka iko muzee anakuchekea! Na yule wa kwa mlango hana miguu, masikini, tutamuwekea kiti."

Wateja wakaacha kuzunguka. Aziza akashusha mtandio.

Nikamwangalia mzee, nikisubiri aseme ukweli na anitoe mbio. Lakini jamani, babu wa Mzee Rajabu alikuwa mfanyabiashara, na babu wa babu yake pia. Mteja yuko mbele yake.

"Wako," akasema. "Watakuwepo wote."

Siku ya harusi ikafika. Mzee akakusanya ndugu zake, ambao kwa bahati wana pua moja ukoo mzima. Wakavaa kanzu na kofia sawasawa. Walikuwa kwenye chumba cha nyuma ya jukwaa wakihesabiana, na mimi nipo kwa ajili ya nyaya za spika.

Watano, Mzee Rajabu akiwemo. Wa sita amebanwa na homa huko Sange, haji.

Nje wageni wa Makobola wameshaanza kushuka kwenye gari.

"Nani atakaa kwa mlango?" akauliza mmoja wao.

Mzee Rajabu akanigeukia. Akachukua kanzu iliyobaki, akanirushia.

"Weye. Vaa."

Nikavaa. Akaniwekea kofia kwa mkono wake.

"Zunguka nikuone."

Nikageuka nusu, nikakumbuka maneno ya Tantine, nikaganda hapo, upande upande.

"Zunguka yote."

"Muzee, nitakupa mgongo."

"Mwana wa nyumba akinipa mgongo, iko ubaya gani? Zunguka!"

Wakuu, nilizunguka. Polepole kuliko siku ile ya vidoti. Nilipofika pale ambapo yeye alikuwa nyuma yangu, macho yalikuwa yamenijaa maji, na nilifurahi kwamba hanioni.

Tantine Mwajuma alikuwa kwenye mlango wa jikoni, akapiga vigelegele. Wageni nje wakadhani bibi harusi amefika, nao wakaitikia. Bibi harusi wa watu alikuwa bado yuko njiani.

Nikakaa mlangoni kwenye kiti, kitenge magotini, napokea watu. Mama wa Makobola akanishika mkono kwa huruma, akaniambia Mungu ananiona. Nikaitikia amina.

Funzo langu ni hili: ukiweka picha ya 360, izungushe yote kabla hujaipandisha, usiishie kwenye maua. Na ukimpiga mkwe, hakikisha miguu imeingia.

Ile picha ipo hadi leo, mzee amekataa isiguswe. Watu wanaomba salle na mapacha.

Waliowahi kuharibu kazi mbele ya wakwe, shukeni hapa tufarijiane. Na mwenye kujua namna ya kuweka kitufe cha kuzima gyroscope kwenye simu za kizamani anisaidie, jirani wa ndagala analalamika.

Harusi yetu ni pale pale. Mkija, mtanikuta mbele na Aziza. Msiniletee kiti, miguu ninayo.