Pua ya Bi Twaiba

Pale Msambweni, mwenye harusi hakutafuta udi kwingine ila kwa Bi Twaiba. Alichemsha sukari, akatia vipande vya udi, miski na mafuta ya waridi, na kipimo chake kilikuwa pua tu. Akiinamia sufuria mara moja, alijua kilichopungua.

Siku moja Mishi, mteja wake wa miaka mingi, akarudi na kopo mkononi. "Uniwie radhi, dada," akasema kwa upole. "Udi huu umeungua."

Bi Twaiba akafungua kopo, akavuta pumzi. Hakusikia kitu. Akasogeza pua mpaka ikakaribia kugusa udi, bado hakusikia kitu. Akampa Mishi kopo jingine, na tangu hapo akawa anamwita mkaza mwanawe, Husna, amnusie. Alisema ni mafua. Mafua yakapita, harufu isirudi, naye hakwenda kwa daktari. Nani anakwenda hospitali kwa sababu ya harufu?

Miaka ikapita. Husna ndiye aliyeona kwamba mkwewe akitembea, mkono wa kulia haupungi. Kisha mkono huo ukaanza kutetemeka, na ajabu yake, ulitetemeka ukiwa umelala mapajani. Akishika mwiko, unatulia. Majirani walisema ni uzee, wengine wakanong'ona mashetani. Bi Twaiba hofu alikuwa nayo, lakini hamu ya kujua ilizidi. Mkono gani huu unaotaabika ukipumzika?

Wakaenda Ukunda kwa Loice, daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu. Loice alimwamkia shikamoo, akamtembeza chumbani, akamwambia akunje na kukunjua vidole, kisha akauliza, "Harufu unasikia, mama?"

Bi Twaiba akamgeukia Husna. "Umemwambia?"

"Sijasema kitu, mama."

Daktari akatabasamu. Alieleza kwamba si kila aliyepoteza harufu ana ugonjwa huu, ila kwa dalili zote alizoziona, huu ni ugonjwa wa Parkinson. Ndani ya seli za ubongo mna protini ambayo kwa kawaida ina kazi yake. Ikikunjika vibaya, hunatana na kuwa madonge. "Kwa wagonjwa wengi madonge hayo huonekana mapema mahali panapopokea harufu," akasema. "Baadaye hufika kwenye seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kwenda utakavyo. Seli hizo zikifa, mkono haukutii tena."

Bi Twaiba akaifikiria sufuria yake. "Mimi nikipika sukari, punje moja ikibaki ukingoni, sufuria nzima inaweza kurudi punje. Ndivyo hivyo?"

"Watafiti wengi wanadhani ni jambo la namna hiyo. Protini iliyoharibika huharibu iliyo nzima, na huenda ikapita kutoka seli hadi seli."

"Na hayo madonge ndiyo yanayoua, au ni taka tu zilizobaki baada ya vita?"

Loice akaiweka kalamu chini. "Hilo, mama, bado wanabishana. Wapo wanaosema vipande vidogo, kabla ya kuwa donge, ndivyo vyenye sumu zaidi."

Akampa vidonge, akamwambia bila kuficha kwamba vitafidia dopamini iliyopungua, lakini madonge havitayaondoa. Dawa ya kuyaondoa bado inatafutwa.

Baada ya majuma kadhaa mkono ukatulia kiasi, hatua zikarefuka. Pua haikurudi, naye akaacha kuificha habari hiyo. Alimwambia hata Mishi, na habari ya madonge pia, naye akashika kichwa akauliza ni donge la ukubwa gani. Bi Twaiba akacheka, akamjibu kwamba halionekani kwa macho, na kwamba yeye pia angependa kuliona.

Kazi ya udi waliendelea nayo wawili. Husna huinama juu ya sufuria, Bi Twaiba hukaa kwenye kigoda kando yake.

"Udi unanukiaje?"

"Vizuri, mama."

"Vizuri si jibu. Nieleze nami nisikie."

Husna akafumba macho, akafikiri. "Kama nguo mpya iliyokaa kwenye sanduku la mbao. Na kwa mbali kuna uchachu, kama ndimu."

"Uchachu?" Bi Twaiba akajongea mbele. "Sukari isije ikaungua. Punguza moto, kisha unuse tena."