Alinivua koti mezani, sasa sketi yake iko mikononi mwangu

Tumetumiwa na dada mmoja aliyeko Afrika Kusini. Jina lake tumelificha. Msomeni mpaka mwisho ndipo mseme.

Admin, nifichie jina langu maana huku Durban Waswahili tunajuana wote. Nina miaka thelathini na moja, Mtanzania, sina mume. Nimepanga chumba huku Point, nusu nalala, nusu nimeweka cherehani. Mimi ni fundi wa nguo za kike. Niliyonayo moyoni si majonzi, ni hasira, na sitaki kuwadanganya.

Nina rafiki, Mkongo, nimwite Gloria, si jina lake. Nilipofika hapa yeye ndiye aliyenipokea, nikawa namwona ndugu. Mwezi uliopita mwenzetu mwingine, Neema, alitualika brunch ya siku yake ya kuzaliwa, yaani kile chakula cha kati ya asubuhi na mchana, kwenye mgahawa mmoja wa bustanini kule Morningside. Tulikuwa wanawake wanane, wengine siwafahamu. Nilikuwa nimejishonea gauni la kitenge lenye mikono mirefu na sweta la kutupia juu. Nikalitundika mlangoni wiki nzima nalitazama kwa raha.

Asubuhi ya siku yenyewe nikalibeba hadi kwa Gloria tukajiandae pamoja. Alipoliona akacheka. "Ma chérie, kitenge na hii baridi? Watasema unaenda matanga. Vaa ile koti yangu ya kahawia."

Koti kweli lilikuwa zuri, refu, lina vifungo hadi shingoni, na nikilivaa nasikia joto mpaka kwenye mifupa. Tatizo, gauni langu lilikuwa pana, halikai ndani ya koti. Nikamwambia sina kingine zaidi ya suruali na fulana niliyokuja nayo, na fulana yenyewe ni ile ya kampeni, tuliyogawiwa bure nyumbani wakati wa uchaguzi, ina picha ya mgombea udiwani wa kata yetu kifua kizima, imepauka, kwapani imetoboka. Wabongo mnazijua hizo, ndizo tunazolalia.

Gloria aliitazama vizuri kabisa. Akasema, "Ile koti hauiondoe. Ndani nani atakuona?" Nikamwamini.

Tulipofika, Neema akaruka. "Jamani, fundi wetu leo! Hilo koti limekutoa kweli, dada!" Na wale wengine wakadakia, mmoja akaomba nisimame anipige picha. Gloria alikuwa amevaa buti mpya na kofia ya sufu, hakuna aliyemsemesha. Nilimwona anavyokunja mdomo. Nikajifanya sijaona.

Chakula kilipoletwa, jua lilikuwa limeshatoka, watu wanavua mitandio. Hapo ndipo Gloria akasema kwa sauti ya kusikika mpaka meza ya jirani, "Dada, unipatie koti yangu sasa, niko nasikia baridi."

Nikamnong'oneza, "Gloria, unajua nilichovaa ndani."

Akazidisha sauti. "Eish, koti iko yangu! Nilikuazima tu, si nilikuonea huruma?"

Meza nzima ikanigeukia. Ningefanya nini, ning'ang'anie cha watu? Nilifungua vifungo kimoja kimoja. Mgombea wetu akatokea na tabasamu lake. Walicheka mpaka mhudumu akaja kuangalia kuna nini. Na koti lenyewe Gloria hakulivaa, alilitundika kwenye kiti chake.

Ningeweza kumeza hilo. Lakini usiku huo alituma picha yangu nikiwa na ile fulana kwenye kundi la WhatsApp la Waswahili wa hapa, akaitengeneza stika. Hadi leo mtu akichekeshwa na jambo, ananirusha mimi na fulana yangu. Wateja wangu wa Isipingo wananiita Mheshimiwa. Nacheka nao, nikirudi chumbani nalia.

Sasa sikilizeni. Wiki iliyopita Gloria alikuja kwangu kana kwamba hakuna kilichotokea. Amepata mchumba, mtu wa kanisani, na mama wa huyo mwanaume anatoka Johannesburg Jumapili hii kuja kumwona. Watakula brunch, mama, mashangazi na mchungaji. Anataka koti fupi na sketi ya kubana ya kitambaa kizito, apendeze na asisikie baridi. "Wewe ndiye najua hautaniangusha," akasema. Nikachukua vipimo vyake nikitabasamu.

Koti nimelishona vizuri. Sketi, ule mshono wa nyuma kuanzia kiunoni kwenda chini, nimeupiga bandi tu, yaani nimeushikiza kwa mkono kwa uzi mwembamba, kama tunavyofanya kabla ya kupitisha cherehani. Nikapiga pasi, nikafunika na bitana. Huwezi kujua. Jana alikuja kuijaribu, akajigeuza mbele ya kioo anajibusu. Akisimama iko sawa. Akikaa mbele ya mama mkwe, itaachia.

Najua mtasema nitajiharibia jina la ufundi. Nimeshalifikiria, nitasema amenenepa. Najua pia huyo mwanaume anampenda, na mama yake ni mkali, anaweza akakataa ndoa kwa jambo dogo kuliko hilo. Hapo ndipo roho inaposita. Halafu stika inaingia tena kwenye kundi, na roho inatulia.

Kesho asubuhi anapita kuchukua. Cherehani iko mbele yangu na uzi mzito nimeshautunga. Ndugu zangu, nishaurini: niipitishie mashine, au nimkabidhi hivyo hivyo? Na wewe unayetaka kuniambia nisamehe, anza kunieleza kwa nini yeye mpaka leo hajaniomba msamaha.