Nilivyojifanya mkulima wa Njombe, konokono wa Tottenham wakaniumbua

Wakuu, salamu kutoka Tottenham, London. Leo jua limetoka na kila mtu amechanganyikiwa kwa furaha.

Habari hii ni yangu mwenyewe. Ningekuwa natunga, ningejipa nafasi nzuri zaidi.

Mimi ni Mbongo, kazi yangu carer, yaani kuhudumia wazee. Mwaka jana kwenye harusi moja nilikaa meza moja na Bi Zuhura, mama wa Kipemba aliyeishi hapa miaka mingi. Akanielezea bustani yao ya jumuiya. Kilimo hai, hakuna dawa, hakuna mbolea ya dukani. Mboga zinakwenda kwenye nyumba moja ya kulelea watoto wasioishi na wazazi wao, na watoto wenyewe huja Jumamosi kuchuma.

Pilau ilikuwa imenikolea. Nikajibu, "Mimi nimekulia shambani, Njombe."

Wakuu, nimekulia Sinza, Dar. Mchicha nilikuwa naujua ukiwa umeshafungwa fungu.

Mwezi wa tano nikakabidhiwa tuta langu. Mchicha ukaota vizuri, nikaanza kutembea kifua mbele. Ndipo wakaja konokono, wale wa huku wasio na gamba. Kila nikifika nakuta vijiti tu.

Bi Zuhura ananiuliza, "Kwenu Njombe mwafanyaje?"

"Inategemea na msimu, mama."

Ijumaa moja jioni nikakuta kopo kuukuu kwenye kibanda, nyuma ya majembe. Vidonge vya bluu vya kuua konokono, aina ambayo ilishapigwa marufuku. Kopo limeandikwa weka mbali na watoto. Nilisoma, wakuu. Nikajiambia nitawahi asubuhi kuvizoa.

Nikamwaga, nikaenda zangu night shift. Niliporudi nikasema nijinyooshe dakika tano.

Nikaamka saa nne.

Nafika bustanini nahema, watoto wameshaingia. Binti wa miaka tisa hivi, Tasha, amechuchumaa kwenye tuta langu. Kidonge kiko kiganjani.

"Is this a sweet?"

Nilipiga ukelele ambao sijui ulitokea wapi. Nikaupiga ule mkono kama golikipa, kidonge kikaruka, Tasha akaanza kulia. Mlezi wao akaja mbio. Bahati nzuri mtoto alikuwa hajakionja. Mimi nikakaa kwenye udongo.

Nikasema yote mbele ya watu. Hadi ya Sinza.

Bi Zuhura hakufoka. Afadhali angefoka.

"Mwanangu, watoto hawa washadanganywa na watu wazima wengi. Na sisi tuongeze?"

Watoto wakanawishwa mikono, bustani ikafungwa siku hiyo. Tuta langu lote tukaling'oa, udongo wa juu tukautia kwenye mifuko. Aliyebeba ni mimi.

Nikajua nimefukuzwa. Natoka getini namsikia Bi Zuhura, "Jumamosi uje. Safari hii uje kujifunza."

Dawa yenyewe, wakuu, ni ubao uliolowa. Unaulaza chini, konokono wanajificha chini yake, asubuhi unafunua unawaokota. Basi! Tasha akajipa ubosi wa zoezi hilo.

"Uncle, you're actually scared of them!"

Kweli nilikuwa nawaogopa.

Mwezi wa nane mchicha wa tuta jipya ukapikwa kwa nazi palepale bustanini. Mlezi akaninong'oneza kwamba Tasha hagusi kitu cha kijani.

Tasha akanusa sahani. Akaniangalia mimi, siyo mpishi.

"Did you put anything on it?"

"Nothing. Just water."

Kisha akala. Kisha akaomba tena.

Niligeukia upande wa nyanya nikajifanya nakagua majani.

Nilichojifunza: kusema "sijui" kunauma dakika mbili tu. Mimi nilikwepa dakika mbili hizo, nusura mtoto wa watu azilipie.

Haya, nisemeni, nimeshazoea. Na kama humu kuna mtu wa Njombe wa ukweli, bamia zangu zimedumaa urefu wa kiberiti. Tatizo nini? Mimi sijui.