Theluji ya Marereni

Mgeni yule alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, Mtaliano, mwanamke wa makamo ambaye hakuwa amewahi kutoka nje ya nchi yao. Hoteli ndiyo iliyoniita nimtembeze. Kitaliano nilijifunzia hapahapa Malindi, kwa kufuatana na wageni, kabla sijapata kibali cha kazi.

Mwanzoni tulipatana vizuri. Nilimfundisha kuamkia wakubwa, naye akawa anampa shikamoo kila mtu, hata wauza madafu walio rika la wanawe. Watu wanacheka, naye anacheka. Tukivuka barabara hunishika mkono. Aliniambia bila mimi asingethubutu kutoka chumbani.

Asubuhi moja akanionyesha picha kwenye simu: vilima vyeupe vya chumvi.

"Nipeleke huku. Ni kama theluji ya kwetu."

Nikamwambia Marereni, kwenye mashamba hayo ya chumvi, ni mbali, jua lake kali, hakuna cha kutazama. Akanitazama kama mtu anayefanyiwa uvivu. Nikampeleka.

Walinzi hawakuturuhusu kuingia, tukasimama kando ya njia wanayopita vibarua. Mjomba wangu, ndugu wa mama, aliyenilea baba alipofariki, alikuwa kibarua pale. Njia nzima nilikuwa namwomba Mungu mjomba awe upande wa pili wa mashamba siku hiyo. Akatokea anasukuma toroli.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta wageni?"

Nikamweleza mgeni kuwa huyu ni mjomba wangu. Akapiga makofi kwa furaha, akainua simu.

"Basi itakuwa picha nzuri zaidi! Mwambie acheke."

"Mjomba, mgeni anaomba ucheke."

"Nicheke nini, na chumvi imenila nyayo?" Akavua ndara, akauinua mguu. Unyayo ulikuwa umepasukapasuka, nyufa zimeingia chumvi, nyama nyekundu inaonekana.

"Amesema nini?" mgeni akauliza.

Ningeweza kumpa neno lolote. Nikampa lile lile. "Anauliza acheke nini, na chumvi imemla nyayo."

Akaishusha simu. Ndani ya gari alilia mpaka Malindi, na mkono wangu hakuushika tena.

Jioni meneja wa hoteli akaniita.

"Mgeni anataka mtembezaji mwingine. Hakukusema vibaya, amesema tu una uchungu. Sasa wewe, mtu ndiyo kwanza anatoka kwao, unamwonyesha vidonda? Watu hawapandi ndege kuja kulia."

Tangu hapo hoteli ile haijaniita, na nyingine zikasikia. Kesho yake nilimwona mgeni sokoni na mtembezaji mpya, amejifunga leso, anapigwa picha na wauza ndizi. Aliponiona akageukia mafungu ya nyanya.

Nilikwenda kwa mjomba nikitaraji walau yeye atanielewa. Alikuwa amekaa kizingitini, mkewe anampaka mafuta ya nazi miguuni. Nikamsimulia yote. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ungemwambia nimefurahi kumwona."

"Lakini mjomba, aliuliza umesema nini."

"Aliuliza. Wewe ukadhani anataka kujua." Akautoa mguu mmoja, akampa mkewe ule mwingine. "Picha ingekwenda kwao, mimi ningebaki na nyayo zangu, na wewe na kazi yako. Sasa nani amepona?"

Mkewe akaendelea kupaka, hakuinua uso. Nikaomba ruhusa niondoke, na hakuna aliyeniambia nikae nile.